Uso wa Bibi Kwenye Gogo la Bustani

Mchi wangu wa mpingo ulichanika kichwani juzi hapa, nikaubeba kwapani kama mtu anayekwenda kupigana, nikaupeleka kwa seremala mmoja karibu na stendi ya Masasi auchonge upya. Kijana wa watu akaubana vizuri, akaanza kuupiga tupa. Sikuwahi hata kumwambia nautaka uweje. Vumbi la mpingo likanipanda puani, nikapiga chafya nne mfululizo, na ya tano ikanitoa machozi. Akacheka. "Pole mama, mpingo hauna adabu huo." Nikamwambia ndiyo, hauna adabu kabisa. Chafya zikaisha lakini machozi yakaendelea, na nilipoona ananitazama kwa wasiwasi nikajifanya nimeingiwa na kitu jichoni. Jamani, mwanamke mzima, wajukuu wawili, nalia kwenye karakana ya watu kwa sababu ya harufu.

Harufu ile ni ya mjomba wangu Bakari. Alikuwa kaka wa mama yangu, tumbo moja, na kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba alikuwepo na alinipenda, simnyimi haki yake, lakini nilipougua aliyeitwa kwanza alikuwa mjomba, na nilipokosea niliambiwa, "Ngoja mjomba wako aje." Basi akija, hakuna lolote. Atakaa kwenye kigoda, atauliza kosa, atapiga chafya, kesi imekwisha. Alikuwa mchongaji ambaye vumbi la miti lilikuwa halimpendi. Nyumba ya tatu unamsikia. Mama alikuwa akisema, "Kaka yangu Mungu alimpa kazi na ugonjwa wake siku moja."

Tuliishi Newala, upande wa kwenda bondeni. Wenzangu mliokulia kule mnaujua ubaridi wa asubuhi, ule ukungu unaopanda kutoka bonde la Ruvuma mpaka humwoni aliye mbele yako kwenye njia ya maji, na mikorosho inatiririka umande kama imenyeshewa. Mnaijua na harufu ya mabibo yakianza kuoza chini ya mikorosho. Mjini palikuwa na bustani. Bustani yenyewe usiifikirie makubwa: mawe yaliyopakwa chokaa, viti vya saruji, miti michache ya kivuli, na ukuta mfupi ambapo Mama Hadija alikaa na karai lake la vitumbua kwa sababu watu wote wa sokoni lazima wapite hapo. Siku moja bwana utamaduni wa wilaya akamwita mjomba, akamwambia wilaya inataka sanamu kubwa isimame katikati ya bustani, si ya kuuzwa, si ya kupelekwa mbali kwa wageni. Iwe ya watu wa hapa, wapite waione. Watu waliobebana, kizazi juu ya kizazi.

Mjomba alikubali kwa sharti moja. Mtu wa juu kabisa, anayebebwa na wote, awe mama yake.

Huyo mama yake ndiye bibi yangu. Alikuwa amefariki masika yaliyopita. Nililala naye kitanda kimoja tangu niache kunyonya, kwa hiyo alipokufa mimi ndiye niliyebaki na nusu ya kitanda. Alikuwa wa wale bibi wa zamani hasa, ana ndonya, kile kibao cha mti, kwenye mdomo wa juu, ana chale mashavuni na kwenye paji la uso, ananusa ugoro na kupiga kelele akiona mtoto anamwaga maji. Picha hakuwahi kupigwa. Mpiga picha mmoja alipita na kamera yake mitaani, Bibi akamwambia apige picha mbuzi. Ndiyo maana mjomba alikuwa na haraka. Nilimsikia akimwambia mama, nao wanabangua korosho uani, "Nikifa mimi, nani atajua mama alikuwaje?" Mama akajibu bila kuinua macho, "Basi chonga, kaka. Unaongea nini?"

Gogo likaletwa na trekta kutoka bondeni, mpingo mkubwa ambao hata wazee walisema hawajauona wa namna ile siku nyingi. Urefu wake ni wa watu wawili waliopandana mabegani. Wanaume walishinda kutwa wakilisimamisha kwenye shimo, wanaimba, wanatukanana, wanaimba tena. Mjomba akajenga jukwaa la milingoti kulizunguka, akaanza kuchonga kutoka chini kwenda juu. Tezo kwanza, halafu patasi, halafu tupa, halafu anasugua kwa majani ya msasa. Weupe wa nje unabanduka, weusi unatokea. Kila baada ya wiki mbili tatu anatoka mtu mpya kwenye gogo: mzee ameshika jembe, mwanamke anatwanga, mtoto amening'inia mguuni kwa mtu, mwingine anachungulia katikati ya miguu ya wengine. Watu wa sokoni walizoea kusimama na kukosoa. "Fundi, huyo mkono wake mrefu." Naye anajibu kutoka juu, "Ni wa kuombea, ndiyo maana." Kisha chafya.

Mimi nilikuwa na kiburi, loo! Nilikuwa nikipita bustanini kutoka shule na wenzangu nawaambia, "Hilo gogo ni letu." Nikawaambia juu atakaa bibi yangu. Nadhani nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, ya kujiona mwenye mji.

Sasa lazima niwaeleze habari ya mapiko, maana wasomaji wengine si wa kwetu. Lipiko ni mchezaji wa ngoma anayefunikwa nguo mwili mzima, na kichwani amevaa kichwa cha mti kilichochongwa uso wa mtu. Watoto na wanawake tuliambiwa si mtu. Ni mfu aliyetoka ardhini. Wanaume waliopita jandoni ndio wanaojua kilichomo, na vichwa vile vinachongwa na kuhifadhiwa kichakani, mahali ambapo mwanamke hakanyagi na mtoto hakanyagi. Lipiko likitokea uwanjani wanawake wanapiga mayowe, wanakimbia, nasi watoto tunakimbia nyuma yao tukijikojolea. Mjomba alikuwa mchongaji wa vichwa hivyo pia. Sikujua. Nilijua tu kwamba siku nyingine haendi bustanini, anakwenda kichakani nyuma ya mikorosho ya mwisho, na mama alikuwa ameniambia waziwazi, "Somoe, ukivuka mikorosho ile nitakuchapa mpaka fimbo iombe msamaha."

Nilivuka. Nilikuwa nachimba ming'oko, vile viazi vya porini, mizizi yake unaifuata inakupeleka inakotaka, na nilipoinua kichwa mikorosho ilikuwa nyuma yangu. Ningegeuka tu. Lakini nikasikia chafya. Nani mwingine apige chafya vile? Nikaenda kwa furaha kumsalimu mjomba.

Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kisiki, na kichwa cha Bibi kimelala mapajani mwake.

Naapa hivi ndivyo nilivyoona. Sikuona mti. Niliona Bibi, ana ndonya yake, ana nywele zake kidogo za mvi pembeni, amefumbua mdomo kama anataka kunigombeza. Mjomba alikuwa anamwekea chale kwa nta, taratibu, kwa ncha ya kijiti, anamfuta kwa kidole anapokosea. Alikuwa anazungumza naye Kimakonde. Alimwambia, "Tulia, mama, karibu namaliza." Sikupiga kelele. Nilirudi kinyumenyume mpaka matawi ya mikorosho yakanigusa begani, nikakimbia.

Mtoto mwingine angeogopa. Mimi nilifurahi. Nikaona mambo yote sasa yanaeleweka: Bibi amerudi, hajapona vizuri, mjomba anamtunza kichakani mpaka apone. Ndiyo maana hatakiwi mtu kule. Kwa siku kadhaa nilikuwa namfichia muhogo wa kuchoma, naupeleka mpaka kwenye mkorosho wa mwisho, nauweka juu ya jani, nasema "Karibu chakula, Bibi," narudi. Kesho yake muhogo haupo. Sasa mtoto ungemwambia nini? Sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nalala kwenye nusu yangu ya kitanda, namwachia nafasi.

Mjomba alikuwa anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, hilo nililielewa ukubwani. Kichwa cha kichakani alikichonga kwanza, kwenye mti mweupe mwepesi unaokubali makosa, wakati sura ya mama yake bado imo mikononi. Kingecheza kwenye mapiko ya mwaka ule. Na kutoka kwenye kichwa kile angeunakili uso kwenye mpingo, maana mpingo ukiukosea haurekebishiki.

Ikafika zamu ya uso wa juu. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa, mimi nimekaa ukutani kando ya Mama Hadija na kitumbua changu. Mjomba alikuwa ameshatoa paji la uso na pua. Mama Hadija akainua macho, akakunja uso. "Mama Somoe," akamwambia mama yangu, aliyekuwa amesimama na kapu lake, "mimi marehemu nilimjua. Pua ile siyo." Mama akasema bado haijaisha. Mwanamke mwingine akadakia kwamba hata paji siyo, marehemu alikuwa na paji pana. Wakacheka. Mjomba kule juu aliendelea kugonga kama hasikii, lakini nilimfahamu, shingo yake ilikuwa imekaza.

Ikaniuma. Nikasimama juu ya ukuta, nikasema kwa sauti ya kusomea shairi shuleni, "Pua ndiyo hiyohiyo! Bibi mwenyewe yuko kichakani kwa mjomba. Mimi nimemwona! Kichwa chake mjomba alikipakata, anamwekea chale kwa nta!"

Nikasubiri watu wafurahi.

Mama Hadija aliacha vitumbua viungue. Sijawahi kuona wanawake wengi vile wananyamaza kwa mara moja. Walitazama chini, kila mmoja upande wake, kama waliopoteza shilingi. Wavulana wa shuleni, ambao hawajakwenda jandoni, walikuwa wamesimama pale pale midomo wazi. Nilipomtazama mama alikuwa ameziba mdomo wake, si wangu, wake yeye. Tezo ilikuwa imenyamaza. Mjomba akashuka jukwaani ngazi kwa ngazi, akapita mbele yangu, akaniwekea mkono kichwani kidogo, akaenda nyumbani.

Kesho yake walikuja wazee watatu barazani kwa mjomba. Mkubwa wao alikuwa Mzee Nampunju, kiongozi wa mapiko, aliyeingia jando siku moja na mjomba na kula naye sahani moja tangu utotoni. Niliitwa. Nikasema shikamoo, wakaitikia marahaba bila kunitazama. Mama alisimama nyuma yangu. Mzee Nampunju akaniuliza kwa upole, na upole ule bado unanichoma: "Mwanangu, kule kichakani ulikwenda mwenyewe, au ulipelekwa?"

Nilikuwa sijui uzito wa swali lile. Sasa naujua. Mtoto akikosea njia mwenyewe, mama yake anatoa kuku wa kusafisha mahali, mtoto anaonywa, mambo yanafunikwa. Lakini mtu wa mapiko akimpeleka mtoto wa kike kwa mkono wake, huyo ameuza siri ya wenzake wote, na hakuna kuku wa kusafisha hilo. Mimi nilichojua ni fimbo. Nilihisi macho ya mama mgongoni, nikakumbuka mikorosho ile na fimbo itakayoomba msamaha.

Nikasema, "Mjomba alinipeleka."

Mjomba alinitazama. Nimejaribu miaka yote kukumbuka kwamba alinitazama kwa hasira, maana ningepumua. Hakunitazama kwa hasira. Aliona mama amesimama nyuma yangu, akaelewa kila kitu, na akasema, "Ni kweli. Nilimpeleka."

"Kwa nini, Bakari?" Mzee Nampunju sauti ilimkatika.

"Alikuwa anamlilia bibi yake."

Nilikuwa na nafasi bado. Kuku alipita barazani akadonoa chini ya kigoda, akatoka. Neno moja tu. Nikatazama vidole vya miguu yangu mpaka wakaniambia niende nikacheze. Na nilikwenda nikacheza, Mungu anisamehe, nilicheza rede mpaka magharibi.

Wakakata shauri hivi: kichwa cha kichakani kichomwe. Mjomba asikanyage tena kwenye mapiko. Na uso ule usisimame bustanini, kwa sababu kila mwanamke na kila mvulana wa mji ameshasikia umetoka wapi, na akiutazama atakiona kichaka. Bwana utamaduni alikuja kuomba, akasema hii ni mali ya wilaya. Mzee Nampunju akamwambia wilaya ichukue watu wote walio chini, hao hawana neno. Alasiri moja tuliona moshi mwembamba nyuma ya mikorosho ya mwisho. Mama akafunga dirisha, akaniambia niache kuchungulia.

Siku iliyofuata mjomba alipanda jukwaani mara ya mwisho. Nilikuwepo. Alipiga tezo kwenye pua, ikatoka kipande kizima, ikagonga mlingoti ikaanguka kwenye majani. Akalisawazisha paji la uso mpaka likawa laini, akapiga tupa, akapiga msasa, kwa uangalifu uleule aliokuwa nao siku zote. Hata kufuta alifuta vizuri. Watu wa sokoni walipita bila kusema kitu. Akakusanya vyombo vyake kwenye gunia. Jukwaa lilibaki pale mpaka mvua zikaliozesha, watu wakachukua milingoti kuni.

Hakuchonga tena mtu. Alichonga michi na vinu na mipini ya majembe, na huu mchi wangu uliochanika ni wake, alinipa nilipoolewa. Mama alinichapa siku ileile ya moshi, kwa kosa la kusema ovyo, akalia kuliko mimi. Nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima, tumekaa tunachambua mbaazi. Nikamwambia, "Mama, kwani wanawake hamkujua kweli kwamba lipiko ni mtu?" Alinitazama kama niliyeuliza kama jua linachoma. "Somoe, nani asiyeijua miguu ya kaka yake? Mwaka mzima nafua zile nguo." Nikamuuliza sasa mbona mlikuwa mnakimbia. Akasema, "Ilikuwa heshima. Wao wanajificha, sisi tunakimbia, ngoma inanoga. Wewe ulidhani tunaogopa?"

Ndiyo. Nilidhani wanaogopa. Nilidhani mimi peke yangu katika mji mzima ndiye mwanamke anayejua kitu, kumbe wote wanajua na wote wamenyamaza, na kosa lilikuwa langu tu la kukisema. Hilo la kusema mtoto husamehewa. Lile la barazani silo la utoto. Nilikuwa najua kabisa kwamba naongopa.

Niliolewa huku Masasi, upande wa Lisekese, na mjomba alikuwa akija kila baada ya mavuno na mfuko wa mbaazi na korosho. Kila akija nilijiambia leo. Mara moja nilianza. Alikuwa amekaa ukumbini anakunywa uji wake, nikasema, "Mjomba, ile siku ya wazee barazani..." Akaniangalia, akaweka kikombe. "Mwanangu, mboga ya leo ni nini?" Nikamwambia kisamvu. "Kimetiwa karanga?" Nikasema ndiyo. "Basi pakua." Nikapakua. Nilijidanganya kwamba ni yeye asiyetaka, kumbe nilishukuru kukatizwa. Alikufa kwa kifua, lile vumbi, nami nilifika Newala tayari wamemaliza kuchimba kaburi. Mama alimfuata baada ya miaka miwili.

Sasa kuna kijana anaitwa Yusufu, mchongaji wa Newala, alikuja kwangu mwezi huu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu. Akaniambia bustani inakarabatiwa, wanataka lile gogo limaliziwe kichwa, na wazee wamesema ukoo ule aliyebaki mkubwa kwa upande wa kike ni mimi. Hakuna anayekataza tena. Mzee Nampunju mwenyewe alikwisha kufa. "Watu wanasema pale juu palitakiwa kukaa bibi yako. Nimekuja uniambie alikuwaje. Kama kuna picha, nitashukuru."

Nikamwambia picha hakuna. Nikaanza kumweleza. Ndonya, mdomo wa juu. Chale, mashavuni, na kwenye paji. Akaandika. "Hizo bibi wote walikuwa nazo, mama. Macho je? Pua?" Nikafumba macho nimtafute. Nakumbuka mikono yake, nakumbuka sauti, nakumbuka ugoro kwenye mto. Ndonya naiona, chale naziona, na katikati hakuna mtu. Nilihangaika pale mbele ya mgeni mpaka jasho likanitoka. Uso ule ulikuwepo mahali pawili duniani ukiacha kaburi lake, kichakani na juu ya gogo, na pote pawili ulifutwa kwa neno langu moja. Watu wote waliougusa au kuujua wameondoka. Nimebaki mimi, nami siujui.

Ndipo nikamwambia yote. Sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Nilimwambia kijana nisiyemjua, kwa sababu alikuwa na kalamu mkononi na alikuwa anasubiri.

Yusufu aliweka kalamu chini. Kisha akasema, wala si kwa ubaya, "Mama, hilo tu? Juzi mapiko walicheza uwanjani mbele ya wageni wa serikali. Mmoja joto likamzidi, akavua kichwa hadharani akanywa maji. Watoto wakapiga naye picha kwa simu." Alikuwa ananifariji, maskini. Ingekuwa afadhali angenipiga kofi.

Alinitazama muda, akageuza kichwa upande huu na upande ule. "Mama, sogea hapa mlangoni penye mwanga. Nikuchore wewe. Ndonya na chale nitaziongeza. Umri huu lazima kuna kitu chake umekichukua."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia katika watu wote waliopata kuzaliwa Newala, wa mwisho anayestahili kukaa pale juu ni mimi.

"Sawa mama," akasema. "Basi nimchonge nani?"

Nikakaa nikitafuta wa kumtaja. Kisha nikavuta kigoda mpaka mlangoni. Akaniinua kidevu kwa kidole, kwa adabu, akaanza. Baada ya muda akasimamisha kalamu. "Usilie mama," akasema, "uso unabadilika." Nikajifuta kwa ncha ya khanga, nikatulia achore.